Kabla ya kununua swichi mpya, angalieni dupleksi

Mhariri, salamu kutoka Jinja. Naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu wa netiweki kuhusu dupleksi, yaani mpangilio wa kifaa kutuma na kupokea data kwa pamoja (ful) au kwa zamu (hafu). Wiki nzima seva yetu ilikuwa inajikokota, pingi (kijaribio kidogo cha kuona kama seva inajibu) inajibu vizuri tu lakini ukituma faili kubwa ni kama lori kwenye jamu ya Mabira, tukabadilisha kebo, tukataka hata swichi mpya (kifaa kinachounganisha kompyuta za netiweki), kumbe seva ilifungwa kwenye Mb 100 kwa sekunde, ful dupleksi, na swichi imeachwa oto, yaani ipatane yenyewe na upande wa pili! Swichi ikikosa wa kupatana naye inatambua spidi peke yake, dupleksi inashuka hafu. Hapo swichi inahesabu migongano ya kuchelewa (data kugongana baada ya muda wa kawaida kupita), seva inahesabu makosa ya CRC (data iliyofika imeharibika). Jamani someni kaunta hizo kwanza, pesa ni ngumu. Sisi tuliweka oto pande zote mbili, ikapona siku hiyohiyo.

Fundi, Jinja