Shukrani kwa dada wa stendi, Moshi

Dada, jina hukutuachia. Mdogo wangu mwenye ualbino anachoma mahindi stendi, juani kutwa. Kidonda nyuma ya sikio kiligoma kupona, duka la dawa wakasema fangasi.

Ulikuja kununua hindi tu. Ukaomba ukiangalie, ukauliza kama kinatoka damu akinawa. Ukamtafutia mtu wa kumshikia jiko, mkapanda daladala hadi hospitali ya KCMC, ukakaa naye foleni ya ngozi. Kipande kikapimwa: saratani, haijasambaa. Wakaikata yote.

Kisha ukamletea kofia pana inayofunika masikio (kapelo haifuniki!) na Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa Moshi. Nauli ulikataa kurudishiwa.

Jamani, mkiona kidonda cha hivyo kwa mtu, msione haya kumuuliza.