Risala ya Wanawake Wachuuzi wa Dagaa, Kibirizi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wazee wetu, mama na dada zangu,

Karibuni Kibirizi, na mtuwie radhi kwa harufu ya dagaa. Ndiyo inayotusomeshea watoto.

Mheshimiwa, risala za vikundi huomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Ombi hilo limo kwenye bahasha uliyokabidhiwa. Leo tuna la simu.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024 ili samaki wazaliane, mjadala wetu wote ulihamia kwenye grupu la WhatsApp. Mama asiye na simu janja hakusikika. Uvumi kwamba ziwa linafunguliwa mapema ulikimbia kuliko tangazo la serikali. Grupu ni letu, lakini nyumba ni ya Meta, kampuni ya Marekani yenye Facebook na Instagram pia. Afisa biashara akitukosea tunaujua mlango wake; diwani tunamngoja kwenye sanduku la kura. Huyu mwenye nyumba tumpigie kura wapi?

Majirani zetu yamewakuta. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti ilizodai zina uhusiano na serikali na zinapotosha mjadala. Rais Museveni naye akaifungia Facebook nchi nzima. Wakubwa wawili wakakomoana, mpiga kura akakosa pa kusemea. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Australia: serikali ilitaka kampuni hiyo ivilipe vyombo vya habari, nayo ikazima habari kwa siku kadhaa, hata kurasa za idara za afya zikapotea. Nchi yenye Bunge na fedha zake imebanwa hivyo. Sisi wa mwaloni tuna ubavu gani?

Hatusemi simu zitupwe, maana wateja wa Tabora na Dodoma tunawapata humo humo.

Tunachoomba ni kwamba matangazo ya mtaa na ya ziwa yabandikwe pia ofisi ya mtaa na hapa mwaloni, na yajadiliwe mkutanoni, watu wakitazamana usoni. Vilevile, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Tunaomba utufikishie salamu: waje Kigoma watueleze, kwa Kiswahili cha sokoni, mchuuzi apeleke wapi malalamiko namba na picha zake zikitumiwa bila ridhaa yake.

Ugali wa muhogo na migebuka viko tayari. Tunaomba kuwasilisha.