Kikao cha Jumamosi: Solo Leveling

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kikao chetu kuhusu katuni ya Kikorea ya Solo Leveling kimesogezwa kutoka saa nane hadi saa kumi alasiri, Jumamosi hii, palepale barazani kwangu.

Tafadhali someni sura 20 za kwanza, mkizingatia jinsi Sung Jinwoo, mwindaji wa mazimwi wa daraja la E, ambalo ndilo la chini kabisa, anavyopangiwa na Mfumo (programu ya ajabu kama ya mchezo wa kompyuta, anayoiona yeye peke yake) mazoezi ya kila siku, zikiwemo pushapu 100 na mbio za kilomita 10, na asipoyatimiza hutupwa jangwani kwenye tandu wakubwa. (Mimi pushapu kumi tu zinanishinda.)

Mchango wa chai ni shilingi 2,000, mwisho Alhamisi. Naomba kila mmoja athibitishe hapa, kabla ya kesho usiku, iwapo atafika.