Kwa mdogo wangu, unayekesha na Chiku

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia simu saa nane za usiku ukanong'ona kana kwamba Chiku, kasuku wako, angekusikia. Ukasema ameshuka kijitini, amejikunyata chini ya tundu, na ukaniuliza, "Au mimi ndiye ninayemtesa?" Sikukujibu inavyostahili. Usingizi ulikuwa bado machoni, na swali lenyewe ni lile nililojiuliza miaka miwili iliyopita, kasuku wangu Bahati akiwa mapajani mwangu. Ndiyo maana nakuandikia. Naandika mahali pa wazi kwa sababu najua humu Nairobi kuna nyumba nyingi zenye kasuku mzee pembeni mwa sebule, na mtu anayeona haya kumlilia.

Kwanza, toa mizani ya jikoni. Sisemi hivi kwa kukosa huruma. Ndege huficha ugonjwa. Porini, anayeonyesha unyonge ndiye mwewe humwona kwanza, kwa hiyo kasuku atajikaza, atainua kichwa ukiingia chumbani, atakula mbele yako kisha ateme, na siku utakayomwona amevimbisha manyoya mchana kutwa, ujue ameugua siku nyingi. Mimi nilidhani Bahati amenenepa. Kumbe yale yalikuwa manyoya tu. Nilipompima mara ya kwanza alikuwa na gramu 421, mwezi uliofuata 397, na nilipopapasa kidari, ule mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka kama ukingo wa kisu. Nilikuwa naishi naye chumba kimoja na sikuona.

Mpime Chiku kila asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Gramu tano zikipanda au kushuka zisikutie hofu. Lakini akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, usingoje mwisho wa mwezi. Mtazame pia mkia akiwa ametulia: ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, anahangaika kupumua. Na unapomshika, usimbane kifuani. Ndege hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kama chetu, anapumua kwa kutanua kidari, na mkono wa upendo unaweza kumziba pumzi.

Nikumbuke kidogo walikotoka. Mjomba alipowaleta mwaka 1986, kwenye kikapu kilichofunikwa gunia, mimi nilikuwa darasa la tatu na wewe hujazaliwa. Aliwapata safari za lori upande wa Congo, na sote tulifurahia ile mikia myekundu bila kuuliza walitolewaje msituni. Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema hufikisha miaka 40, wengine 60. Hawa wetu walikuja tayari wana manyoya kamili, basi umri wa Chiku hasa hatuujui, ila ni bibi. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, kule Johannesburg uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini, kwa sababu misitu ilikuwa inabaki kimya. Niliposoma habari hiyo nilimtazama Bahati nikashindwa kumaliza chai. Hawakuomba kuja Pumwani. Ndio maana yeyote anayekuambia "ni ndege tu" simjibu tena. Sisi ndio tunaodaiwa.

Na tuliwalisha vibaya, tuseme kweli. Alizeti asubuhi, alizeti jioni, na kipande cha andazi siku ya wageni. Daktari aliponifungulia mdomo wa Bahati akanionyesha madoa meupe ndani, akaniambia ni upungufu wa vitamini A wa miaka mingi. Nilijisikia vibaya sana. Wewe angalau Chiku umempa karoti, boga na sukuma wiki, na pilipili anazozitafuna kama peremende, maana ule ukali ndege hausikii. Endelea, ila sasa vipondwe, vichemshwe kidogo. Jua nalo limpate dirisha likiwa wazi, kwani kioo huzuia mwanga ule unaomsaidia kutengeneza vitamini D, na kasuku wa kijivu huishiwa kalsiamu upesi hadi kupata kifafa. Avokado asiguse kabisa. Kile kikaango chako kisichoshika chakula kitoe jikoni, kwa sababu kikipata moto kupita kiasi moshi wake huua ndege kwa dakika chache. Na jiko la makaa lisiingie chumbani mwake hata baridi ikizidi.

Baridi ya Julai ndiyo iliyomwangusha Bahati. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 na zaidi, na akikonda hana cha kuchoma ili abaki na joto hilo. Nilijaza maji moto kwenye chupa, nikaifunga kwa leso mbili, nikaiweka upande mmoja wa tundu ili akichoka na joto aweze kusogea. Taa ni nzuri, lakini unajua stima ya mtaani kwetu. Wewe shusha vijiti vyote hadi kimo cha kiganja kutoka chini, uvizungushie kitambaa, maana miguu yake ina baridi yabisi, na jicho la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho. Tandika taulo chini. Bakuli la maji liweke upande wa jicho zima, wala usilihamishe tena. Kipofu anaijua nyumba yake kwa mazoea.

Sasa lile nililokuwa sijakuambia.

Siku nne za mwisho Bahati alikataa kula. Daktari wa kwanza niliyemwendea, ambaye alizoea ng'ombe na mbwa, alinipa dawa akasema nimlishe uji kwa bomba la sindano, kwa nguvu ikibidi. Nilimfunga taulo, nikambana kichwa, nikamsukumia. Alinitazama kwa jicho lile la manjano, na kila nilipoingia na bomba alirudi nyuma hadi mgongo ukagota waya. Ndege aliyekaa begani mwangu miaka yote ile akawa ananikimbia. Siku ya tatu uji ukaingia njia ya pumzi. Nilisikia kifua kikikoroma usiku kucha. Nilikuwa nalisha woga wangu, mdogo wangu, njaa yake ilikuwa imeshaondoka. Kama Chiku atanyoosha shingo kuupokea uji kijikoni, mpe, hata mara kumi kwa siku. Akigeuza uso mara tatu, weka kijiko chini umkune shingo. Bomba litumike pale tu daktari anayewajua ndege atakapoona kuna ugonjwa wa kupona, naye akuonyeshe kwa mikono yake.

Nilipompata daktari wa namna hiyo, alinieleza njia iliyobaki. Kama hujui pa kuanzia, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, uliza huko. Kwa Bahati, daktari alimvutisha kwanza dawa ya usingizi kwa kifuniko kidogo cha pua, akalala kabisa, ndipo akamdunga sindano. Niliruhusiwa kumshika. Kichwa kililegea kwenye kidole changu, na mkoromo ukanyamaza. Majuto yangu si kwamba nilikubali. Majuto yangu ni zile siku nne.

Kwa hiyo usingoje saa nane za usiku ndipo uamue. Andika leo mambo matatu ambayo Chiku akiyaacha, si Chiku tena. Mimi ningeandika kukunwa shingo, kuoga mvuke wa chai ukimpita usoni, na kile kilio chake cha "Vua viatu!" mlango ukifunguka, alichofundishwa na Mjomba na ambacho kimewaaibisha wageni wengi. Akipoteza moja, mpe muda. Yakienda yote matatu, nipigie, twende kwa daktari pamoja.

Kaka naye ameniambia ampeleke Chiku msitu wa Karura akamwachilie, "afe huru." Usimkubalie, na nitamwambia mwenyewe. Kenya hii kasuku wa kijivu makao yake yalikuwa magharibi, misitu ya Kakamega, wala si Karura, tena yule bibi hajaruka mbali na rafu ya vitabu tangu ulipokuwa chekechea. Kumwacha kwenye tawi asilolijua, nusu kipofu, kuna uhuru gani?

Lingine ni dogo lakini lisikukute umechanganyikiwa. Tulipoomba vibali KWS, Shirika la Wanyamapori, mwaka 2021, wakati wa ule msamaha kwa waliokuwa na kasuku bila kibali, tuliandikishwa rasmi. Bahati alipofariki niliwaarifu kwanza kabla ya kumzika. Nilitamani kubaki na nyoya moja la mkia, jekundu, niliweke kwenye Biblia ya Mama. Lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata nyoya kuwa nyara, na kusema kweli niliona familia yetu imeshachukua vya kutosha kwake. Nilimfunga kwenye leso na manyoya yake yote, nikamlaza chini ya mpera.

Jumamosi nakuja na godoro dogo. Utalala wewe, mimi nitakesha. Nunua boga, chupa za maji moto ninazo. Na nikifika nitavua viatu huko huko nje, ila nitausukuma mlango kwa kelele, tusikie kama atasema kitu.

Dada yako.