Anayedai kompyuta ya kwantamu atupe vigawo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotugawa wanachama wa kikoba chetu cha Kiboriloni, hapa Moshi. Mwezi uliopita kijana mmoja alitujia na kompyuta mpakato, akidai ametunga programu inayoigeuza kuwa kompyuta ya kwantamu, yaani mashine inayokokotoa kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno kama atomu, iwezayo kufungua msimbo wowote wa siri wa benki, na akaomba kila mmoja wetu amchangie shilingi 50,000 ili akamilishe kazi yake. Wapo waliombeza kwa kuwa hakusoma chuo kikuu, na wapo waliokwisha kufungua pochi kwa kuwa alitaja kubiti (vipande vya msingi vya taarifa katika kompyuta ya kwantamu) na Einstein bila kusita. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na naona pande zote mbili zilimpima mtu zikaliacha dai lake.

Dai lenyewe lina kipimo chepesi. Sehemu kubwa ya usiri wa mawasiliano ya fedha hutegemea ugumu wa kupata namba tasa mbili zilizozidishwa kuzaa namba kubwa, kazi ambayo mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kuwa kompyuta ya kwantamu ingeweza kuifanya upesi. Niliandika 8,633 ubaoni. Programu ilitoa 89 na 97 papo hapo, makofi yakapigwa. Lakini mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angezipata kwa kalamu, akigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine. Ndipo nikamtajia namba iitwayo RSA-2048, yenye tarakimu 617, iliyowekwa wazi kwa ulimwengu wote na ambayo vigawo vyake, yaani namba tasa mbili zinazoizaa, havijatangazwa na yeyote. Akivileta, hatutamdai cheti wala siri ya programu yake, tutazidisha tu.

Kijana aliona tunamdharau. Sivyo hata kidogo. Mwaka 2019 Google walipotangaza kwamba mashine yao ya kubiti 53 ilimaliza kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta ya kawaida yenye nguvu kuliko zote ingeifanya kwa miaka 10,000, IBM walijibu hadharani kuwa siku mbili na nusu zingetosha. Ikiwa wao waliulizwa, naye aulizwe kwa heshima ileile.

Naliomba gazeti lako, likiletewa habari ya ugunduzi wa namna hii kutoka Moshi, Arusha au kwingineko, lidai kwanza vigawo hivyo viwili, ndipo lichapishe picha ya mgunduzi.

Mwalimu wa hisabati,
Moshi