Barua kutoka Langoni

Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeipata, na dawa za mama zimefika salama, Mungu akulipe. Sasa nikujibu lile lililokukera: kwamba maskini wa huku tunalishwa subira ili tusiulize mambo, ndiyo maana twacheka na mifuko mitupu.

Sikatai yote. Wahubiri wa namna hiyo wapo, na wao hawalali na njaa. Lakini tumaini la watu wa mtaa wetu huu wa Langoni halikutoka huko. Habib Swaleh, yule mwanachuoni, alipokuja Lamu kutoka Ngazija, elimu ya dini ilikuwa ya wenye majumba ya mawe. Watumwa na waliotoka utumwani walikuwa wa kutumwa tu. Na utumwa wenyewe katika Kenya haukufutwa mpaka 1907. Yeye, sharifu mzima wa kizazi cha Mtume, akaenda kukaa nao, akawasomesha, akawatibu, akawasomea maulidi ya Habshi, kisomo cha kumsifu Mtume, kwa matari. Wakubwa wa mji wakanuna: matari msikitini! Msikiti wake wa Riyadha ukasimama vivyo hivyo.

Wewe Maulidi umeyaona barabarani, kwenye zefe na mashindano ya punda. Jikoni hujafika. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia, jirani yangu muuza mahamri, ambaye unga hukopa na deni hulipa kwa mafungu, hulaza wageni sakafuni mpaka mlangoni. Usiku wa kupika pilau yeye ndiye mwenye amri kwenye masufuria. Nimemwona mke wa tajiri mmoja (wamjua, sitamtaja) akimenya vitunguu na kuambiwa avimenye upya! Mwaka mzima mama huyu ni mtu wa kupewa zaka. Siku zile yeye ndiye mwenyeji, wengine hula kwake. Mimi naona nguvu yake yatoka hapo zaidi kuliko kwenye mawaidha yoyote.

Na kuhusu kutouliza mambo: mumewe ni mvuvi. Wajua kuwa mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa bahari iliyoharibiwa na ujenzi wa bandari. Basi mikutano ya fidia ile hakosi, na husimama akauliza mpaka wenye mkutano wakachoka. Akitoka huko, akishaswali isha, huchukua tari lake akaenda kwenye mazoezi. Sijamsikia akisema Mungu atailipia serikali deni lake.

Kuna siku hukata tamaa, usidhani. Kusi likivuma wiki nzima na chombo hakitoki, nyumba ile haina kicheko.

Mwaka huu njoo mapema, kabla wageni hawajajaa, ufikie kwangu. Mama akusalimu sana, na auliza: zile tembe nyeupe anywe kabla ya kula au baada? Karatasi imelowa, haisomeki. Nijibu upesi.

Wako shoga yako