Risala ya Kamati ya Wanafunzi wa Kigeni kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utamaduni, Kisumu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Naibu Chansela na wakuu wa vitivo,
Wazazi mliovuka Busia, Malaba na Isebania kuja kutuona,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana chuoni kwetu. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko, na tunakushukuru zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Mwaka juzi na mwaka jana kiti hicho kilikaliwa na wawakilishi. Hatuna neno baya juu yao. Waliandika maombi yetu yote kwenye shajara, wakapiga picha, wakatuhakikishia kwamba ujumbe utafika. Ikiwa ulifika, basi tunaomba radhi kwa kukuchosha na habari unazozijua.

Historia yetu tutaifupisha. Elimu si ngeni upande huu wa nchi. Wamisionari walifungua shule Maseno mwaka 1906, na Egerton ya Njoro ikaanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Vyuo vikuu vikafuata: Moi mwaka 1984, Maseno kikajitegemea mwaka 2001, Bondo na Kakamega vikakabidhiwa hati zao mwaka 2013, Kibabii mwaka 2015. Chuo chetu ni mdogo wao wote, lakini ni mdogo aliyenawa mikono.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa. Kamati hii ilipoundwa, wanafunzi kutoka nje ya nchi walikuwa 9, na wote walikuwa Waganda. Leo tuko 63 kutoka mataifa saba. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ambayo ilikuwa meza moja kwenye korido ya idara ya usajili, sasa ina mlango wake, kabati la chuma la droo nne na kichapishi. Timu yetu ya voliboli ilifika nusu fainali ya kombe la chuo, katika mashindano makali yaliyoshirikisha timu nne.

Fahari yetu kubwa, hata hivyo, ni karatasi. Mwanafunzi wa Kongo huja na majina ya aina tatu: jina, jina la pili linalolifuata, na jina la ubatizo. Wa Sudan Kusini huja na lake, la baba na la babu. Fomu nyingi zina nafasi mbili tu. Zamani karani akijaza haraka alikata jina moja, barua ya kujiunga ikatofautiana na pasipoti, na ombi la pasi ya mwanafunzi likarudishwa. Likirudi, siku alizogongewa mpakani zinakuwa zinayoyoma. Siku hizi majina yote huandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, kabla barua haijatiwa sahihi. Vilevile tumewafundisha wasajili kwamba diploma ya serikali ya Kongo hutolewa kwa asilimia, ambapo 50 ni kufaulu na 60 ni alama ya kujivunia, wasiisome kana kwamba ni mtihani wa muhula wa shule ya hapa. Cheti chenyewe kikichelewa, kama ilivyo kawaida yake, tunapokea hati ya muda pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, kisha tunafuatilia. Na kila anayefika kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tunamwambia siku ya kwanza kwamba pasi yake haina ada. Wapo mawakala mjini wenye bei tofauti.

Tunayasema haya, Mheshimiwa, ili ujue kwamba yaliyo ndani ya uwezo wetu tumeyafanya. Soko tunalo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mwezi Mei 2017, pale Dar es Salaam, wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na alama zake wavuke mpaka bila kuanza upya. Wenzetu wa kusini mwa Afrika walikubaliana tangu mwaka 1997 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vikuu kwa majirani. Jirani zetu wa Bondo wanafundisha hadi shahada za juu za wadudu kama chakula cha watu na mifugo, na watu huvuka mipaka kulifuata somo hilo. Tena mfumo wa serikali wa kufadhili wanafunzi ulioanza mwaka 2023 ni wa Wakenya peke yao, kwa hiyo mwanafunzi wa kigeni hulipa karo yake yote, nayo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Hatuombi sadaka. Tunaomba pa kulala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo tulipotaka kufika. Tunalo ombi moja tu, na ndilo lile lile la mwaka jana.

Hosteli za chuo hufungwa kila muhula unapokwisha. Kwa kijana wa Ahero au wa Luanda ya hapa Vihiga hilo si tatizo. Jioni yuko kwao. Lakini anayetoka Juba au Goma hawezi kwenda na kurudi kwa likizo ya wiki tatu, hata kama nauli ingekuwapo, kwa sababu safari yenyewe ingemla wiki nzima barabarani. Basi siku ya kufunga, kabla ya saa sita mchana, anakabidhi ufunguo. Ungekuja siku hiyo, Mheshimiwa, ungeona pikipiki zimepanga foleni langoni, na juu ya kila moja godoro la inchi nne limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, sufuria ikining'inia pembeni, na mwenyewe nyuma amelikumbatia lisifumuke. Wanakwenda kutafuta chumba cha kukodi mitaani. Mwenye nyumba akisikia lafudhi, masharti hubadilika: mwenyeji hutoa kodi ya mwezi na depoziti ya mwezi, mgeni huambiwa atoe miezi mitatu papo hapo. Vyumba vipya anavyovimudu viko kwenye tope jeusi bila taa za barabarani. Muhula ukifunguliwa analiacha depoziti huko na kurudi na godoro.

Hafanyi hivyo mara nyingi. Mara ya pili au ya tatu anahamia chuo cha ng'ambo ya mpaka. Na asipohama, anapiga simu nyumbani. Mheshimiwa, tumechapisha vipeperushi, tumehudhuria maonyesho, tumelipia matangazo ya redio. Kati ya wale 63, tukiwauliza nani aliyewaleta, karibu wote hutaja binamu, jirani au mtu wa kanisa lao aliyetangulia. Simu moja ya usiku kutoka kwa kijana asiye na pa kulala hufuta kazi ya mwaka mzima ya hiyo ofisi yenye mlango.

Jengo la kumaliza shida hiyo lipo. Utaliona ukigeuka kulia. Jiwe lake la msingi liliwekwa miaka minne iliyopita na mgeni rasmi wa siku hiyo, kwa mwiko mpya, mbele ya kamera. Kibao chake tunakisugua kila Ijumaa na bado kinang'aa. Aliyefuata alituahidi mabati katika mwaka wa fedha ujao, na tukampigia makofi ya kilo. Tangu siku hiyo tarehe 30 Juni imepita mara tatu, na kila baada yake pana mwaka wa fedha ujao.

Ni jengo la chini, la mita 37 kwa 12, korido katikati, vyumba 10 kila upande, vitanda viwili kila chumba: wanafunzi 40. Kuta za mawe ya kuchonga zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na zimesimama hapo. Ukuta usio na paa, Mheshimiwa, haukai unakusubiri. Mvua ya Kisumu hupiga alasiri kwa radi na upepo wa ziwani. Maji huingia kwa juu, hulainisha saruji kati ya mawe, na zile nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta zimeshaanza kumenyeka kutu kama ganda la muhogo. Fundi wetu amesema nondo zinaweza kuokolewa kwa kusuguliwa na brashi ya waya iwapo kazi itaanza kabla ya mvua za Machi. Baada ya hapo, lenta ya upande wa mashariki itabidi ivunjwe na kumwagwa upya.

Tumepima wenyewe tusije tukaambiwa hatujui tunachokiomba. Kenchi 26, yaani fremu za kubeba paa, za mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, kila moja ifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma wala si kwa msumari peke yake, maana upepo wa hapa hunyanyua paa kutoka chini. Mabati 300 ya geji 28, ya mita 2.5; ya geji 32 ni membamba zaidi, bei yake ni rahisi, na yatajaa mapengo mvua ya mawe ya kwanza. Mabati ya mgongo 22. Misumari yenye kofia ya mpira. Waya wa kinga ya radi, ambao kila makadirio huuacha kwa kubana gharama, na ambao huku magharibi si pambo.

Chini ya paa kuna mambo mawili tunayoomba yasisahaulike. La kwanza ni sakafu. Ardhi yetu ni tope jeusi la uwanda wa Kano, linalovimba likinywa maji na kupasuka likikauka. Vyumba viwili vya mwisho vilimwagiwa zege juu ya tope lenyewe ili picha zipatikane haraka, na nyufa zake leo zinameza sarafu ya shilingi kumi. Pale lazima pachimbwe mita moja, udongo utolewe wote, parudishiwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. La pili ni maji taka. Mchoro wa awali una shimo la kunyonya. Tope jeusi halinyonyi. Shimo hilo litajaa msimu wa kwanza na kufurika kwenye korido. Bomba kuu la mji linapita mita 140 kutoka hapa. Tuunganishwe nalo.

Maji ya kutumia hayatatusumbua. Wanafunzi 40 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 2,000 kwa siku, na matangi mawili ya lita 10,000 yatatuvusha siku kumi za bomba kukauka. Matangi hayo tayari yako stoo, yalitolewa na wazazi kwa harambee, na panya wanayafurahia.

Kuhusu jiko, tunaomba liwe moja la pamoja, mitungi ya gesi ikae nje ya ukuta, na lisifungwe usiku. Wenzetu wa Somalia huamka kula daku mwezi wa Ramadhani, na sombe la Kikongo, mboga ya majani ya muhogo, haliivi kwa dakika ishirini. Mlinzi anayezima taa saa nne usiku ana nia njema, lakini anafukuza watu bila kujua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kwa heshima zote msaada huo uje kwa mali na si kwa maneno wala kwa hundi ya kadibodi, ile kubwa ya kupigia picha, ambayo tunazo mbili ofisini juu ya kabati. Lori la mabati likifika langoni, karani wa stoo atahesabu mbele ya mashahidi na wewe utaletewa risiti. Pia tunaomba barua fupi ya uongozi wa chuo, ambao kwa bahati nzuri umekaa kiti cha pili kutoka kwako, inayosema kwamba jengo hilo litabaki wazi miezi kumi na miwili, Desemba ikiwemo. Bila barua hiyo, tutakuwa tumejenga mahali pengine pa kufungwa.

Kwa sababu hizo, mwaka huu hatukuandaa mwiko wala jiwe jingine.

Tunatambua kwamba ratiba yako ni ndefu na kwamba unatazamiwa Kakamega saa tisa. Hatutakuchelewesha. Samaki wa ziwani na kuku wa kienyeji viko tayari, na meza ya wageni wa heshima tumeiandalia ndani ya jengo lenyewe, chumba namba 7, ambacho sakafu yake ni nzima. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa Nandi, vijana wenye miavuli wamesimama mlangoni.

Ni sisi wako watiifu,
Kamati ya wanafunzi wa kigeni